Nilichosikia kwenye Redio ya Bwana Anselm

Sombetini, Ijumaa alasiri

Eliwaza mwanangu,

Umekwenda Nkoaranga kumuaga bibi yako, na najua hatakuachia urudi kabla hujala ndizi na kumaliza maziwa, kwa hiyo nina kama saa tatu. Mafundi nimewaruhusu waende nyumbani. Nimefunga mlango wa karakana na kukaa kwenye meza ya kukatia, katikati ya vipande vya turubai ambavyo ulipaswa kuvifagia jana. Sitakuandikia habari za sweta, wala dawa za malaria, wala pasipoti uifiche wapi. Hayo shangazi yako amekwishakueleza mara nne, na atakueleza tena kesho stendi. Mimi nina jambo moja ambalo nashindwa kulisema ukiwa unanitazama.

Ninakuonea wivu.

Nimeliandika na halijanipunguzia kitu. Sisemi ule wivu wa kutaniana, wa kusema "jamani mwenzetu unakwenda Ulaya kwa maji." Ni wivu wenyewe, unaomfanya mtu amuone mwanawe wa kumzaa anakunja nguo zake kwenye begi na atamani zipu ikatike.

Nakumbuka ulipoanza. Marit na mumewe, walioacha yoti yao ya matanga bandarini Tanga, walikuja hapa wakitoka mbugani, wana tanga limepasuka limekunjwa kwenye gunia, kwa sababu mtu fulani hotelini aliwaambia kuna mama Sombetini anashona mahema ya kambi za watalii. Tulilitandaza sakafuni likajaa chumba kizima, mpaka tukatoa cherehani mbili nje. Wewe ukashona mishono mirefu, mimi nikashika pembe za tanga, zile zinazoimarishwa kwa ngozi. Siku ya tatu Marit alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye mshono kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, kisha akasema, "Safarini tunahitaji mtu mwenye mikono hii."

Nilivua miwani. Nikafuta mikono kwenye gauni. Katika dakika ile moja nilikuwa nimeshapanga nani atasimamia karakana, baba yako atapikiwa na nani akirudi kutoka mbugani na wageni wake, na magoti yangu nitayapaka nini kwenye baridi ya baharini. Nilikuwa nimeshakubali, Eliwaza. Nikafungua mdomo. Ndipo nikaona kwamba anakutazama wewe.

"Una miaka mingapi?" akakuuliza.

Ulinigeukia kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa. Nikakuambia, "Mjibu mgeni." Nikainama kuokota nyuzi sakafuni, nawe ukadhani nimefikiwa na uchungu wa mama. Sikuwa na uchungu wa mama. Nilikuwa na hasira kwa sababu pembe zile, zilizo ngumu kuliko mishono yote, nilizishona mimi.

Tangu hapo ni Marit anasema hivi, Marit amenifundisha vile. Ulinitandikia chati mezani ukanionyesha mtakavyopita: Tanga, kisha mbali sana na pwani ya Somalia, kisha Ghuba ya Aden, kisha Bahari ya Shamu mpaka Suez. Ukanieleza kwamba mtaongozana na yoti nyingine mbili, kwamba mtatoa taarifa kila asubuhi, na kwamba mkisikia makombora yanarushwa kwenye meli mtangoja Djibouti hata mwezi mzima. Ulikuwa unanituliza. Hukujua kwamba nazijua zile namba za vina vya maji, na kwamba nilikuwa nakutazama kidole chako kinavyotembea juu ya karatasi na kufikiri, huyu mtoto hata haogopi. Halafu Jumapili moja baada ya ibada ukasema Marit amekuambia wewe ni kama binti yake. Nilikwenda kuosha vyombo vilivyokwishaoshwa.

Sasa nikuambie nilichofanya.

Unakumbuka siku uliyopeleka mapazia Njiro, ukaacha simu yako hapa kwenye chaji? Marit alipiga. Nikapokea. Aliniuliza, kwa heshima kabisa, kama una ugonjwa wowote ambao wanapaswa kuujua kabla hamjawa mbali na hospitali. Nikamwambia una pumu.

Nilimwambia ulikuwa ukibanwa usiku ukiwa mdogo, na kwamba wewe mwenyewe huwa unaficha. Maneno yalitoka yenyewe, yamepangika vizuri, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi. Ndiyo sababu alidai cheti cha daktari wa mapafu. Ndiyo sababu ulizungushwa hospitali wiki mbili, ukapuliza kile kibomba mara kumi, ukarudi jioni umechoka unaniambia, "Mama, hawa Wazungu wanapenda vyeti." Nikakuwekea chai. Nilikutazama unakunywa.

Daktari alisema mapafu yako ni mazima. Siku ile uliponionyesha karatasi ukiwa unacheka, nilicheka pia, na ndani yangu nikahisi kitu ambacho nilikuwa nimekihisi mara moja tu maishani, nikiwa na umri kama wako. Nikaogopa. Kwa sababu mara ile ya kwanza niliachia jambo likaendelea, na mtu mwingine akalilipia.

Hadithi ya Zuhura unaijua, au unadhani unaijua. Umekua ukinisikia nikisimulia jinsi Zuhura wa Pangani alivyotuingiza kwenye bandari ya hatari kwa uzembe wake, tukashikwa. Baba yako anaijua hivyohivyo, na bibi yako. Haikuwa hivyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, sijaolewa, ninashona mahema Elerai kwenye karakana ya mtu. Bwana Anselm, mzee wa Kijerumani, alikuwa na yoti imeegeshwa Tanga na matanga yake yalikuwa yameliwa na jua. Alinichukua nikayashone, na nilipomaliza akaniambia njoo mpaka Djibouti, maana yatahitaji kurekebishwa njiani, kisha nitakurudisha kwa ndege. Mimi mtoto wa Meru nisiyejua hata kuogelea. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Ndani tulikuwa watatu. Zuhura alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka miwili. Baba yake alikuwa fundi wa injini za boti, kwa hiyo alikulia majini. Alijua kufunga kamba gizani, alijua Kiarabu cha kutosha kuongea redioni, na akikamata usukani Bwana Anselm alikwenda kulala bila wasiwasi. Mimi aliniita "fundi". Siku nne za kwanza nilitapika mpaka nikaona damu, na Zuhura ndiye aliyenishika kichwa, akanitafunisha tangawizi, akafua shuka langu kwa maji ya chumvi. Hakunicheka hata mara moja. Nilimchukia zaidi kwa hilo. Mtu akikutesa unajua pa kumuweka. Mtu aliye bora kuliko wewe, na bado ni mwema kwako, unamuweka wapi katika chumba cha hatua sita?

Tukiwa karibu na pwani ya nchi moja ambayo sitaiandika jina, tangi moja la maji lilipasuka. Nchi ile ilikuwa na pande mbili, kila upande ukisema ndio serikali. Zuhura alitafuta redioni siku mbili pa kuingia kuchukua maji, mpaka akampata mtu wa bandari aliyewahi kuishi Mombasa. Wakaongea Kiswahili, wakacheka, na yule mtu akatupa namba ya kibali. Zuhura akaiandika kwenye karatasi pamoja na jina lake mwenyewe. Bwana Anselm akampiga bega akasema, "Bila wewe, Zuhura, ningekuwa nimeshageuza." Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nashona bendera ndogo ya nchi ile, maana ni desturi ya yoti kupandisha bendera ya mwenyeji. Hakuna aliyenitazama.

Siku ya kuingia, mchana wa saa sita, wote wawili walikuwa wamelala kwa kuwa walikesha kwenye usukani. Usukani ulikuwa umefungwa, na zamu ya redio ilikuwa yangu. Sheria ya Bwana Anselm ilikuwa moja: chochote unachosikia, andika kwenye daftari la zamu na uniamshe, hata kama ni upuuzi.

Nikamsikia ofisa wa meli ya mizigo akiongea Kiingereza, polepole, kwa wote waliokuwa karibu. Alisema bandari ile imechukuliwa asubuhi na upande wa pili. Vibali vya zamani havina maana tena. Boti ndogo zikae mbali. Akarudia mara tatu. Kiingereza nilikijua, nilishonea Wazungu miaka sita.

Nilishika kalamu. Nikafikiria jinsi Zuhura atakavyosifiwa tena kwa kututafutia njia nyingine. Halafu nikafikiria jinsi itakavyokuwa tukifika na kibali chake na kufukuzwa. Nilidhani ni hilo tu, kufukuzwa. Ataona haya mbele ya Bwana Anselm, kwa mara moja tu ataona haya, basi. Nikaandika: "Saa sita hadi saa nane, kimya."

Hawakutufukuza. Walitujia kwa boti ya injini, vijana wenye bunduki na kandambili. Mmoja alishusha bendera niliyoishona akaipangusia mikono. Wakachukua karatasi ya kibali. Kwao namba ile ilikuwa ushahidi kwamba tunawasiliana na adui, na jina lililokuwa pale lilikuwa moja.

Walituweka kwenye ghala la saruji. Siku ya tatu alikuja ofisa mwenye Kiingereza kizuri. Akauliza, "Siku mliyoingia tangazo lilitolewa saa sita mchana. Meli zote ziligeuka isipokuwa nyinyi. Nani alikuwa kwenye redio?"

Zuhura alinigeukia. Alikuwa ananisubiri.

Nikasema, "Redio ni kazi yake."

Kwa namna fulani haikuwa hata uongo. Hivi ndivyo nilivyojifariji miaka yote. Ofisa akaandika. Mimi na Bwana Anselm tuliachiwa siku ya kumi na tisa. Zuhura alikaa miezi saba. Walimpiga, sikio la kushoto likafa. Mama yake alifariki Pangani akiwa hajui kama mwanawe yu hai. Bwana Anselm ndiye aliyehangaika na barua na simu mpaka akatoka. Mimi sikuandika hata mstari mmoja. Nilirudi Arusha, nikafungua karakana, nikaolewa, nikakuzaa wewe, na watu wakiniuliza ilikuwaje nikawaambia kulikuwa na dada mmoja mzembe.

Ulipopata cheti chako cha mapafu, nilikuambia nakwenda Tanga kutafuta turubai. Nilikwenda Pangani. Haikuwa kazi kumpata, kila mtu anamjua, ana tanuri la mikate na wasichana wawili wanaomsaidia. Nilisimama nikamsalimia mara mbili hakuitika. Msichana mmoja akaniambia, "Mama, simama upande wa kulia."

Nikazunguka. Alinitazama muda, mikono yake imejaa unga.

"Anna," akasema.

"Nimekuja kukuambia habari ya redio."

"Niambie."

Nikamwambia yote, nimesimama, yeye anakata madonge ya unga na kuyapanga. Hakuacha kazi. Nilipomaliza akasema, "Daftari nililiona. Siku ileile, kabla hawajalichukua. Zamu zako zote ulikuwa unaandika sana. Mvumo, Waarabu wanaongea, mtu anaimba. Saa mbili zile tu ukaandika kimya. Tena kwa mwandiko mzuri."

"Mbona hukunitaja kwa ofisa?"

"Ningekutaja wangetushika wote wawili, na mimi nisingetoka haraka zaidi. Na nilidhani utasema mwenyewe. Kule ndani, halafu hata nilipotoka. Nilikungoja kama miaka mitatu hivi." Akafuta unga mkononi. "Halafu nikaacha."

Nikamweleza kwamba binti yangu anakwenda njia ileile. Akauliza kama unajua kuogelea. Nikamwambia unajua. Akauliza kama unasikiliza ukiambiwa. Nikasema ndiyo, kuliko mimi.

"Na wewe unamwonea wivu," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo."

Alicheka kidogo, kicheko kilekile cha zamani. "Hujabadilika, fundi. Basi mwambie kabla hajaondoka. Mimi hukuniambia."

Nilimuuliza kama amenisamehe. Najua sikupaswa kuuliza, lakini nilikuwa nimesafiri siku nzima kwa ajili ya swali hilo. Akasema, "Nina mikate motoni, Anna," akainama kwenye tanuri. Nilingoja kidogo. Hakuinuka tena kunitazama. Nikaondoka.

Jumatatu nilimpigia Marit nikamwambia kwamba hujawahi kuwa na pumu, na kwamba nilisema vile kwa sababu sikutaka uende mahali ambapo nilitaka kwenda mimi. Kisha akasema, "Asante kwa kuniambia. Sitamwambia Eliwaza. Hilo ni la kwako." Hakupandisha sauti. Alikuwa muungwana kabisa, na nikuambie ukweli, hata kwa hilo nilimwonea wivu.

Kwa hiyo ninakwambia. Sikuandiki haya ili uniliwaze. Ukiwa na hasira, kuwa nayo. Ukitaka kesho nisije stendi, mtume shangazi yako aniambie, sitauliza sababu.

Ila ninayo mambo mawili niliyoyapata kule, na sina mwingine wa kumpa. Mkikaribia bandari yoyote, usitulie kwa sababu tu mna karatasi. Uliza imetolewa lini, na kama aliyeitoa bado yuko ofisini leo. Sisi ya kwetu ilikuwa na umri wa siku mbili na ilikuwa imekwisha kufa.

La pili linahusu yule mwanamke Mreno uliyenionyesha picha yake, atakayekuwa nanyi, aliyezunguka dunia mara mbili. Nilimwona anavyosimama. Inawezekana utampenda. Inawezekana pia ikafika siku, mko katikati ya maji, amekurekebisha kazi yako mbele ya Marit kwa mara ya tano, na jina lake likawa linakukera masikioni. Wewe ni mwanangu, damu hii unayo. Siku hiyo ikifika, chukia unavyotaka, lakini kila utakachokisikia kwenye redio kiseme. Kiseme kwa sauti, umuamshe, hata kama yeye ndiye atakayekitumia na kusifiwa. Watu wanakuonya kuhusu maharamia na makombora, na wana haki, hiyo bahari imechafuka kuliko ilivyokuwa enzi zangu. Lakini sisi hatukuponzwa na mwenye bunduki. Bunduki zilikuwa bandarini zimetulia. Mimi ndiye niliyetupeleka.

Baba yako nitamweleza akirudi Jumanne. Bibi yako pia, ingawa huyo atanipiga na mkongojo.

Nasikia mvua inaanza upande wa mlimani, utarudi umelowa. Nitaiweka barua hii chini ya nguo zako, uisome ukiwa njiani au usiku huu ukiiona, vyovyote.

Nina ombi moja. Ukifika huko utaandika nyumbani. Shangazi yako utamwambia mawimbi ni makubwa na unakumbuka ugali, na ni sawa, yeye anahitaji hivyo. Mimi usinipunguzie. Niandikie inavyokuwa alfajiri ukiwa umekamata usukani peke yako, wote wamelala, boti inakutii, na hakuna nchi upande wowote. Zamu hiyo niliiomba kwa Bwana Anselm mara mbili akanikatalia. Iandike yote, usiniachie kitu. Nitaisoma kwa wivu mpaka mwisho wa ukurasa, halafu nitaanza tena juu.

Mama yako,
Anna